Kibanda cha Kituo cha Tatu

Paskalina mwanangu,

Habari za blanketi, dawa za malaria na watu wa stendi, jirani yetu Mama Safari anakuambia sasa hivi huko kwake, tena kwa sauti ambayo najua inafika barabarani, kwa hiyo mimi naziruka. Nimekuona ukienda kuaga na Tina mgongoni, na ninavyomfahamu yule mama hatawaachia mpaka mle. Nina muda wa kutosha. Nimekaa kwenye meza ile niliyosahihishia madaftari ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na kitu. Dirisha liko wazi na mlima umetoa kichwa nje ya wingu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo, kabla hujalala. Usiiache ukaisomee kwenye basi, kwa sababu ukishapita Singida haitakusaidia kitu. Umeamua Tina abaki kwangu mpaka utakapotulia kazini, na siku uliyoniambia hivyo nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia kuku. Nilikuwa nalia kwa furaha. Mzee wa umri wangu hapewi zawadi kama hiyo mara mbili. Lakini unamwachia mtoto mtu ambaye hujamjua vizuri. Nataka umjue kwanza, kisha uamue upya.

Karatasi ya kuongozea wageni uliyopewa na mwajiri wako nimeisoma mara tatu, kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea. Imeandikwa vizuri. Kisiwa ni kidogo, mtu anakizunguka kwa miguu asubuhi moja. Katikati kuna mlima mmoja wa mawe, na njia ya kuupanda inaanzia gatini. Kuna pango la popo, kuna mwamba wa ndege weupe, kuna mahali pa kukaa kutazama jua likizama ziwani. Wageni wako watafurahi. Kisha kwenye ukurasa wa pili, kati ya habari za samaki na habari za chakula cha jioni, kuna mstari mmoja: hapo zamani kisiwa kilitumika kuwatenga wagonjwa wa ukoma. Nukta. Halafu chakula cha jioni.

Uliposoma mstari huo mbele yangu uliinua macho ukanitazama, kisha ukaendelea. Nilishukuru moyoni kwamba umeendelea. Nilikosea kushukuru.

Siku moja mgeni atakuuliza nani aliwapeleka pale. Karatasi haisemi. Wakubwa wa wakati ule walitoa mtumbwi, labda, na watu wa dini wakawafunga vidonda. Lakini mkubwa wa serikali hajui nani ana doa mgongoni chini ya shati. Anayejua ni mtu wa nyumbani, aliyemwona akioga. Huyo ndiye aliyesema. Mimi ni mtu wa namna hiyo, kwa hiyo naweza kukueleza anavyofikiri, na katika hilo peke yake ninaweza kukufundisha jambo ambalo chuo chako hakikukufundisha.

Ulikuwa mwanafunzi wangu, unakumbuka nilivyokuwa nikisema darasani kwamba Hanang ni kisiwa. Watoto walicheka kwa sababu hakuna maji. Ndipo nilipowaeleza: panda usiku, fika kileleni kabla ya jua, utaona ukungu umefunika tambarare yote, Masakta haipo, Katesh haipo, na wewe umesimama juu ya jabali lililozungukwa na bahari nyeupe. Upande mmoja ukuta wa bonde la ufa na nchi ya Mbulu juu yake, chini ziwa Balangida na chumvi yake. Mlima ulizaliwa kwa moto, ukalipuka ubavu mmoja, ukapoa. Msitu wake una ndege wasioweza kuvuka tambarare kwenda mlima mwingine. Wamezaliwa hapa na watakufa hapa, kama watu wa kisiwani. Nilikuwa nalieleza hilo vizuri sana. Mpaka leo nikilieleza najisikia kijana.

Nilipostaafu nikawa mwongoza wageni kwa njia ya Jorodom, na safari yangu nikaigawa vituo kama somo. Kituo cha kwanza, chemchemi. Cha pili, jiwe la kutazamia Balangida. Cha tatu, kibanda cha Bibi Udahema pale msitu unapoanza, yule mjane wa Kidatoga mwenye duara za chale kuzunguka macho, ambapo wageni hukaa, hunywa maji na kuvua viatu. Hapo ndipo nilipokuwa nikitoa historia.

Nilikuwa nawaambia hivi: kwetu sisi Wairaqw, zamani, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alionekana ameleta uchafu kwa nchi nzima, mvua ingeweza kukataa. Alitolewa nyumbani. Hakuguswa mkono, hakuingia nyumba ya mtu, hakuchota maji mahali wanapochota wengine. Wazee huita hali hiyo metimani. Wengine walipelekwa mbali kabisa na kuachwa porini, na waliowaokota mara nyingi walikuwa Wadatoga, hawa hawa tunaowaita watu wa ng'ombe wasio na shule. Wengi walio kwenye tambarare hii wana bibi mmoja wa Kiiraqw aliyefukuzwa. Kisha namalizia: lakini hayo yamekwisha, elimu imekuja. Wageni wanatikisa kichwa, tunavaa viatu, tunaendelea.

Nilikuwa na sababu ya kusema yamekwisha kwa sauti kubwa. Kwetu Nambis, miaka mingi kabla, binamu yangu alimtenga binti yake, na mimi nikasimama kwenye matanga mbele ya ukoo mzima nikamwita mjinga. Nilitumia neno hilo hilo. Nilikuwa nimevaa tai. Yule ndugu aliniangalia tu kama mtu anayeweka kitu mahali ili akichukue baadaye.

Basi ulirudi kutoka chuoni Arusha ukiwa na mimba ya miezi sita na simu ambayo kijana yule hapokei. Unajua ulivyokaa sebuleni. Yaliyosemwa jikoni huyajui.

Mama yako alisema, "Baba Paska, ni mtoto tu. Atazaa, tutalea. Nyumba ina vyumba vitatu."

Nikamwambia, "Unajua watasemaje Nambis?"

"Nambis ni mbali."

"Nambis kuna simu siku hizi, mama."

"Basi wapigie wewe kwanza uwaambie, wasipate raha ya kukupigia."

Nilicheka, Paska. Mama yako alikuwa hodari wa maneno kuliko mimi, na kama ningekuwa na akili ningeishia kwenye kicheko kile. Badala yake nilimwona binamu yangu akiketi kwenye kiti chake huko Nambis, akimwambia mkewe: yule mwenye tai, umesikia? Wangecheka msimu mzima. Na mimi nilikuwa tayari kufanya lolote nisichekwe.

Sikusema neno metimani. Ningewezaje? Nilikuambia hewa ya juu ni nzuri kwa mjamzito, kwamba Bibi Udahema ni mkunga mzuri, kwamba utapata utulivu wa kusoma. Nikakubebea godoro mwenyewe. Ukaniuliza njiani, "Nitarudi lini, baba?" nikakuambia, "Tutaona." Nakumbuka kwa sababu ndiyo mara ya mwisho uliyoniita baba.

Nimelifikiri sana jambo hili na naomba unisikilize, maana nitaeleza kama mwalimu kwa mara ya mwisho. Mila ile ni katili, lakini ina mlango wa kutokea. Wazee wanataja muda. Siku inafika, mtu anakwenda kumchukua aliyetengwa, anasafishwa, na kwa ukoo wetu mtu wa nyumba yake hunywa naye kibuyu kimoja mbele ya watu, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Binti wa binamu yangu alirudi kwao baada ya muda wake, akaolewa, ana duka Dongobesh. Mimi niliyesoma nilichukua ukatili wa mila na kuuacha mlango. Nisingeweza kuufungua bila kukiri kwamba nilikuwa nimeufunga. Kwa hiyo wewe hukuwa na siku ya kurudi. Yule mjinga wa Nambis alimpa mwanawe siku ya kurudi.

Sasa tuje kwenye jambo unalolijua, kwa sababu ulikuwepo, na hatujawahi kulitaja.

Nilikuwa na wageni wanne kutoka Dar. Ningeweza kupita njia nyingine siku hiyo. Nilijiambia kwamba kituo cha tatu ni kituo cha tatu, wageni wamechoka. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama ninaweza. Ulikuwa umekaa kwenye jiwe nje ya kibanda unachambua mboga, tumbo limekaa mapajani. Wakavua viatu. Yule dada mwenye kofia ya njano akauliza waziwazi, kana kwamba kiziwi ameketi mbele yake:

"Mwalimu, huyu dada mbona yuko peke yake huku?"

Nikajibu. Paska, nilijibu kwa raha. Sauti yangu ilishuka mahali pake kama inavyoshuka kila siku. Nikasema kuna familia chache ambazo bado zinashika mila, msichana akipata mimba nyumbani anatengwa, msimsogelee sana, si hatari ila wenyeji hawapendi.

"Jamani! Wazazi wake wako wapi?"

"Huko chini."

"Wazazi gani hao wa siku hizi?"

"Watu wa kawaida tu, dada. Elimu bado haijawaingia."

Mmoja alikwishainua simu kupiga picha. Ndipo uliposimama, ukafuta mikono kwenye kanga, ukainamisha kichwa kidogo kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Wasimulie na habari za ndege, mwalimu, wale wasioweza kuvuka. Unazielezea vizuri."

Nikawasimulia. Unasikia? Nilisimama mbele yako nikawasimulia habari za ndege mpaka mwisho, na yule dada wa kofia ya njano akakuachia pakiti ya biskuti kwenye jiwe, kwa mbali, kama nilivyomfundisha. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akimwambia mwenzake, "Kumbe anaongea vizuri, maskini." Kuanzia siku hiyo mimi ni mwalimu kwako. Sijalalamika, na leo silalamiki.

Ungeweza kudhani hapo ndipo chini kabisa. Bado.

Alasiri moja Bibi Udahema alishuka mwenyewe, na fimbo yake, kutoka kule juu. Bibi wa umri ule. Nilikuwa barazani nasoma. Hakukubali kiti.

"Mwalimu, binti yako ameshikwa na uchungu. Anaita mama."

Nikamwambia, "Mama yake amekwenda Mbulu. Atarudi keshokutwa."

Mama yako alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mahindi ya makande. Mchi ulikuwa unasikika, tu, tu, tu. Bibi akageuza sikio.

"Na anayetwanga ni nani?"

"Msichana wa kazi."

Alinitazama muda mrefu. Unajua watu wale hawaoni haya kumtazama mtu. Akatema mate chini, si kwangu, pembeni, kisha akageuka kuupanda mlima ule upya. Nilirudi kwenye kitabu changu. Mchi uliendelea mpaka mahindi yakaisha, na wewe juu ulikuwa unamwita.

Kwa nini nilifanya hivyo? Mama yako angekwenda. Angepita katikati ya Jorodom kweupe, na kila mtu angemwuliza anakimbilia wapi, naye angejibu kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Angerudi na wewe na mtoto mchana, mbele ya watu, na kicheko kingeanza. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine iliyo nzuri zaidi kwa miaka miwili sijaipata.

Kesho yake nilimwambia mama yako umejifungua salama, mtoto wa kike. Akaruka, akafunga kanga kiunoni. Nikamwambia akae. Nikamwambia nimefika huko na umesema hutaki kumwona, kwamba umekasirika sana, upewe muda, wewe ni mtu mzima. Alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni. Kisha akaniuliza, "Alisema hivyo hivyo? Kwa mdomo wake?" Nikasema ndiyo. Na wewe nikakuletea salamu za aina hiyo hiyo, unazikumbuka: kwamba mama anaogopa kuvunja mila, kwamba mama ana mambo yake ya kikale. Alikuwa mtu wa mwisho Katesh nzima kuogopa mila. Aliponipa kitenge cha njano chenye mikungu ya ndizi na kopo la samli vya mzazi, nilivibeba mpaka juu nikamkabidhi Bibi Udahema bila kusema vimetoka kwa nani. Ulidhani ni vyake. Kitenge ulichomfungia Tina mgongoni leo ukienda kuaga, mama yako alikichagua dukani mwenyewe, akarudi nacho akakinusa njia nzima.

Kisha ikaja ile Jumapili ya matope.

Nilikuwa nimekwenda kanisani, misa ya kwanza, upande wa pili wa mji. Mama yako alisema ana mafua. Hayo mengine unayajua kama kila mtu wa hapa anavyoyajua: mvua ya usiku kucha, ngurumo ambayo haikuwa radi, magogo na mawe na tope jeusi likishuka kwenye makorongo kuelekea watu. Mgongo ule wa mlima wenye kibanda haukuguswa. Nyumba yetu nayo haikuguswa, tope liliishia kwenye ukuta wa jiko; alama unaiona. Nilikuambia alikuwa njiani kwenda sokoni. Niliwaambia watu wote hivyo.

Soko liko chini, Paskalina. Yeye alikutwa juu, kwenye korongo la njia ya Jorodom, kati ya chemchemi na jiwe la kutazamia. Kituo cha kwanza na cha pili. Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua, mimi na vijana wawili wasiojua njia ile inakwenda kwa nani. Alikuwa amevaa viatu vyangu vya mlima, amejaza vitambaa mbele visimtoke. Kamba ya kikapu ilikuwa bado mkononi. Ndani kulikuwa na nguo tatu za mtoto mchanga, na chupa ya chai imebonyea ubavu. Niliitikisa. Ilikuwa imejaa. Baadaye nilipoifungua nilikuta ni uji wa ulezi, na ulikuwa bado una uvuguvugu.

Hakuwa na mafua. Alikuwa amesubiri mimi niende kusali.

Kwenye mazishi hukulia. Ulisimama na Tina wa wiki tatu kifuani, macho makavu, na mama mmoja akanong'ona nyuma yangu kwamba binti huyu ana roho ngumu. Ulikuwa na haki ya macho makavu. Ulikuwa unamzika mwanamke aliyekataa kuja ulipomwita. Kulikuwa na hatua mbili tu kati yangu na wewe. Ningeweza kukuambia pale kaburini. Nilinyamaza, kwa sababu wakati huo watu walikwisha kuanza kunishika mkono na kusema, "Mwalimu, Mungu alikuongoza, ulimpeleka binti juu ukamwokoa." Nikajibu ahsanteni. Nilisema, Paska, kwamba nilikuwa na wasiwasi na mvua za mwaka ule. Mwalimu wa jiografia. Waliamini, na kidogo kidogo nikawa naamini na mimi.

Siku hizi wageni wanaomba kuonyeshwa njia ya matope, na mimi nawapeleka. Nawaeleza udongo wa volkano unavyolowa, miti inavyong'oka, jiwe linavyosafiri. Nafika pale korongoni nasema, hapa ndipo mke wangu alipofariki. Wanavua kofia. Sijawahi kusema alikuwa anakwenda wapi. Nimeifanya kituo.

Tangu mazishi, miaka miwili umeishi chini ya paa langu ukimchukia maiti, na mimi nimekuangalia ukimchukia, kwa sababu chuki ile ilikuwa ikinifunika mimi. Ulipompa Tina jina lake, Martina, nilidhani umegundua. Kumbe Bibi Udahema ndiye aliyekuambia mtoto apewe jina la bibi yake aliyekufa, asije akamsumbua. Nilipumua. Angalia jinsi nilivyo: nilipumua.

Sasa kuhusu Tina. Wiki hii amejifunza kupanda mapajani mwangu bila kusaidiwa na kunivuta masikio, naye anaita mlima "babu" kwa sababu kila nikimbeba namwonyesha mlima. Najua nitakavyomlea. Nitamfundisha kusoma mapema, nitamweleza ndege, nitakuwa mpole kwake kama nilivyokuwa mpole kwako mpaka siku uliyonitia aibu. Upole wangu una mwisho na mimi mwenyewe sijui uko wapi mpaka nifike. Siku moja atafanya jambo la kuchekesha watu. Atakuwa na miaka kumi na sita, na mimi, kama nitakuwa hai, nitakuwa mzee zaidi na mwoga zaidi.

Nakuambia kama mwalimu: usiniachie. Kama babu yake nisingeweza kuandika sentensi hiyo, na nimeiandika mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya hii.

Nikianza kukushauri juu ya maisha utacheka, na utakuwa na haki. Nina moja tu, la kazi. Ukifika kwenye mstari ule wa ukoma, usiuruke na usiusimulie kwa raha. Ukijisikia sauti yako inashuka mahali pake, inanoga, watu wanatikisa vichwa, nyamaza hapo hapo. Waache wageni waangalie mawe. Na akitokea mmoja akakuuliza nani aliwaleta, mjibu: watu waliokuwa wakila nao.

Asubuhi hii, kabla hujaamka, nilikwenda kwa Mama Safari nikamweleza yote haya kwa mdomo, kwa sababu nilijua nikianza na karatasi ningetafuta maneno mazuri. Alisikiliza amesimama. Mwishoni nilinyoosha mkono kumuaga, naye akaurudisha wake nyuma ya kanga. Hakunipa. Kisha akasema, "Mtoto nitakaa naye mimi. Mwambie." Kama mwajiri wako hakubali mfanyakazi mwenye mtoto, Tina ana mahali, nyumba ya tatu kutoka hapa, na mimi sitavuka uzio ule mpaka wewe useme. Hata usiposema kamwe. Kesho ukimkuta na macho mekundu usimwulize. Alikuwa rafiki wa mama yako. Naye pia alidhani alikuwa anakwenda sokoni.

Kwa Bibi Udahema nitapanda wiki ijayo, bila wageni. Yeye alijua siku zote nani alikuwa anatwanga. Hakukuambia, nadhani, kwa sababu alitaka niseme mwenyewe, na nimemchosha kusubiri.

Basi lenu linatoka alfajiri. Sitakuja stendi. Nitakuwa chumbani kwangu, mlango umefungwa ila haujakomewa. Sikuombi ubishe hodi. Nakujulisha tu mlango ulivyo, kwa sababu wewe nilikufungia mmoja bila kukuambia.

Nguo za Tina nimezikunja, zote, hata zile za baridi. Ziko kwenye begi la bluu karibu na mlango wa mbele, uende nalo kisiwani au ulipeleke kwa Mama Safari. Juu ya begi nimeweka chupa ya chai ya mama yako, ile iliyobonyea. Niliificha darini tangu siku ile, nikaiosha leo kwa maji ya moto mara tatu. Nitaijaza uji wa ulezi kabla sijafunga mlango. Mfuniko wake ni mgumu, zungusha kwa nguvu. Uji ni wako. Alikuwa anakuletea.

Baba yako,
mwalimu.